Kinywa Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 9 Juni

Siku kubwa! Mwalimu wa maabara ametangaza asubuhi kwamba kliniki kubwa ya mjini inataka mwanafunzi mmoja akafanye mazoezi huko miezi mitatu. Mmoja tu! Darasa letu la ufundi wa meno lina watu ishirini na sita. Mtihani wa vitendo wa Ijumaa ndio utakaoamua. Lakini mwalimu alipokuwa akisema hivyo, macho yake yalikuwa kwa Mheshimiwa. Kila mtu aliona. Tunamwita Mheshimiwa kwa sababu hata akiomba kuazimwa kalamu anahutubia. Mwalimu akaongeza kuwa wagonjwa wanapenda fundi mwenye tabasamu zuri. Mheshimiwa akatabasamu. Roho ikaniuma.

Mchana, habari ya kushtua. Mtunza stoo amenieleza kwa siri (siri aliyokwisha kuwaeleza watu sita) kwamba meno ya mbele ya Mheshimiwa si yake. Ya bandia! Kumbe miaka miwili tunachezewa shere! Nikadai ushahidi. Akasema sanamu za plasta za meno yetu, zile ambazo mwalimu alitutengenezea kila mmoja muhula wa kwanza, ziko stoo, na yeye ndiye aliyezipanga. Ya Mheshimiwa iko rafu ya juu, ya tatu kutoka kulia.

Saa tisa nimeingia stoo, eti natafuta koleo. Mtu asiye wa fani angehesabu kutoka kulia kwake. Mimi si mshamba. Katika kazi yetu, kulia ni kulia kwa mgonjwa anayekutazama, yaani kushoto kwako wewe. Nikahesabu kutoka huko. Moja, mbili, tatu. Nikaishusha. Lo! Pengo la meno mawili ya mbele, peupe kabisa! Nimepiga picha nne. Chini imechongwa namba 14. Orodha ya namba na majina imebandikwa mlangoni mwa maabara, lakini sikuhangaika kuitazama. Kuhakikisha ni kazi ya watu wasiojiamini.

Jioni nimefungua ukurasa mtandaoni. Nimeuita Jino la Ukweli. Hakuna anayejua ni wangu. Nimeweka picha na maneno haya: "Tabasamu la bandia limo darasani mwetu! Namba 14 ni nani? Orodha iko mlangoni." Nimeridhika sana na nafsi yangu.

Jumanne, 10 Juni

Mungu wangu. Mungu wangu!

Namba 14 si Mheshimiwa. Namba 14 ni Kiganja.

Kiganja ni yule dada mpole wa kiti cha mbele. Akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, ndipo jina likamganda. Sote tulidhani ni aibu tu za kulelewa vizuri. Huyo ndiye aliyeniazima koti lake jeupe nilipounguza langu. Kumbe mtunza stoo aliposema kulia alimaanisha kulia kwake yeye, kama mtu anayepanga masufuria! Chuo cha ufundi wa meno kinaajiri watu wa namba hii! Nilitaka kumgombeza, ila ningejianika.

Hadi saa mbili asubuhi, wafuasi mia na themanini. Mmoja amechora goli la mpira, sanamu ya Kiganja ikiwa golikipa. Mwingine ametuma sauti akipiga mluzi na kuandika kwamba huo ndio wimbo wa namba 14. Mwingine anauliza mpenzi wake hula nini, maana yake sijaielewa lakini watu hamsini wamecheka. Nimeshtuka mno. Sikujua wenzangu ni wakatili hivi. Mimi niliweka picha tu!

Kiganja aliingia darasani, akakaa, akafungua simu. Nilikuwa namtazama. Aliziba mdomo kwa mikono yote miwili, akainuka, akatoka. Mkoba wake ulibaki kitini hadi jioni.

Nimefikiria kuufuta ukurasa. Kwa kweli nimefikiria. Lakini wafuasi mia na themanini kwa usiku mmoja! Tena nikiufuta sasa, watu watasema mwenyewe ameona aibu. Nimeuacha kwa busara.

Saa sita mwalimu amepitisha bakuli la vikaratasi ili tupangwe wawili wawili. Ijumaa kila mtu atachukua chapa ya meno ya mwenzake: unakoroga ile poda na maji mpaka iwe uji mzito, unaijaza kwenye kijiko cha chuma, unamtia mwenzako kinywani na kusubiri igande. Kisha mnabadilishana. Hakuna kinywa, hakuna alama. Mwalimu amelisema hilo mara mbili.

Nikafungua kikaratasi changu. Namba 14.

Nikakikunja, nikakifungua tena. Bado 14.

Jumatano, 11 Juni

Kiganja hakuja. Simu yake haipokelewi. Nisipopata kinywa chake nimekwisha, kliniki nitaisikia kwenye redio. Basi nikala njama mpya. Nzuri kuliko ya kwanza!

Nimefungua akaunti ya pili, Mtetezi wa Wanyonge. Kazi yake ni kumtetea Kiganja na kuushambulia ukurasa wa Jino la Ukweli. Asubuhi nzima nimegombana na mimi mwenyewe. Mtetezi akauita ukurasa takataka. Ukurasa ukamwambia Mtetezi aende akanyonye. Nilikasirika kweli! Nikamjibu vikali zaidi. Watu wakamiminika kutazama ugomvi. Hadi saa saba wafuasi mia nne na kumi.

Kisha jambo la kutisha. Mtu fulani, simjui, alimfuata Kiganja hadi duka la dawa, akampiga video akiwa amejifunga mtandio usoni, akaileta kwenye ukurasa wangu. Inaonekana mpaka nyumba anayoingia. Mlango, dirisha, kamba ya nguo, kila kitu. Nimeitazama mara tatu nikiwa siamini. Nani alimruhusu huyo mtu kumpiga picha binadamu mwenzake bila ridhaa yake? Ustaarabu umekwenda wapi? Hata hivyo video imenisaidia kupajua kwake.

Nimekwenda alasiri. Anaishi na dada yake mkubwa, fundi cherehani, chumba kimoja, nusu kitanda na nusu vitambaa vya wateja. Kiganja alikuwa amelala, uso umeelekea ukutani. Begi lilikuwa wazi sakafuni, nguo zimekunjwa nusu. Dada yake alinieleza kwa sauti ya chini kwamba hajala tangu jana asubuhi, na anataka kuacha chuo arudi kwao kabla ya Ijumaa. Miaka miwili ya masomo, basi. Akanipa simu ya mdogo wake nijionee. Nikasoma. Ujumbe juu ya ujumbe, mwingine kutoka kwa watu tunaokaa nao benchi moja. Mmoja unamwambia asirudi, atachafua picha ya darasa. Nililia, sioni haya kuandika. Dada yake akanishika bega, akasema, "Asante, mdogo wangu. Wewe ndiye peke yako uliyekuja."

Hapo ulimi ulinichoma. Nilifungua mdomo niseme. Nikasema kwamba watu ni wanyama.

Akanikaribisha chai. Nikanywa vikombe viwili.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwisha! Kimenuka!

Asubuhi nilikuwa katikati ya mabishano. Mtetezi alikuwa ameandika jambo la maana sana, na ukurasa ulihitaji kumjibu. Nikaandika haraka: "Mimi ndiye mwenye Jino la Ukweli na siogopi mtu!" Nikatuma. Akaunti tatu ndani ya simu moja, nani hawezi kukosea? Ilikwenda kwenye kundi la darasa. Kwa jina langu. Na picha yangu ile nimevaa tai.

Nikaifuta ndani ya sekunde kumi. Sekunde kumi! Watu kumi na tisa walikwisha kuinakili. Hivi watu hawa hawana kazi?

Kufika saa nne nilikuwa nimegeuzwa kikaragosi. Mwenzangu wa chumbani, mtu ninayempa sabuni yangu, ametoa picha niliyopigwa nikiwa nimelala, mdomo wazi, udenda unatiririka hadi kwenye mto. Mto wangu! Chumbani mwangu! Mtu fulani ameandika chini yake kwamba namba 14 ana pengo la meno na mimi nina pengo la utu. Wamecheka mia mbili. Sijawahi kushtuka hivi tangu nizaliwe. Nililala ile siku nikijua niko peke yangu na faragha yangu. Mtu anawezaje kuchukua kitu cha ndani kabisa cha mwenzake akakimwaga hadharani? Ana moyo wa aina gani?

Nimemwandikia malalamiko mshauri wa wanafunzi, kurasa tatu, kichwa cha habari Haki Yangu ya Faragha. Nimempelekea mwenyewe ofisini. Mama yule mtu mzima alisoma kurasa zote bila kupepesa. Kisha akatoa kwenye droo faili lingine, picha zote za Jino la Ukweli zimechapishwa kwa rangi. Akaniuliza kama ningependa kuongeza chochote. Nikasema picha za rangi ni gharama kwa chuo.

Ukurasa umefungwa mbele yake. Adhabu nitaambiwa baada ya mtihani.

Ijumaa, 13 Juni

Amekuja!

Saa mbili kamili mlango wa maabara ulifunguliwa, Kiganja akaingia na dada yake nyuma. Hakuwa na mtandio. Alitembea hadi meza ya mbele, akatoa kinywani kile kipande chenye meno mawili, akakiweka juu ya kitambaa cheupe mahali ambapo kila mtu angeweza kukiona. Akawaambia waliotaka kutazama watazame sasa, wamalize, maana yeye ana mtihani. Hakuna aliyetazama. Mheshimiwa alikuwa anakagua viatu vyake.

Kisha akamwambia mwalimu kwamba yuko tayari kuchukua chapa ya meno yangu, lakini mkono wangu hautaingia kinywani mwake. Mwalimu akanitazama. Nikamkumbusha kwa heshima kanuni ya kubadilishana. Akasema anaijua kanuni, yeye ndiye aliyeiandika.

Nikakaa kwenye kiti. Kiganja alikoroga ule uji bila haraka, laini, bila donge hata moja. Akajaza kijiko, akanitia mdomoni, akakibana kwa vidole viwili. Uji huganda kwa dakika tatu. Dakika tatu huwezi kusema neno, unapumua kwa pua na mate yanakutoka.

Hapo ndipo aliponiinamia akaanza kuzungumza, taratibu, mimi peke yangu nikisikia. Alisema alivunjika meno akiwa na miaka tisa, alipoanguka kwenye ngazi za hospitali akikimbia kumwona mama yake. Mama ndiye aliyemfundisha kuziba mdomo kwa kiganja, mama mwenyewe akiwa amelala kitandani humo humo hospitalini, akamwambia acheke tu, kiganja kitamlinda. Wiki iliyofuata mama alifariki. Akasema hajawahi kumwambia mtu habari hiyo, hata dada yake hakuwapo siku hiyo. Ananiambia mimi ili nijue nilichokivua kilikuwa nini. Akasema hataki zawadi wala hotuba. Anataka barua moja ya kuomba radhi, ya mkono, ya kusoma yeye tu.

Nilitaka kujibu. Nikatoa povu.

Akatazama saa, akatoa kijiko. Chapa safi, kila jino limeonekana. Mwalimu ameigeuza geuza na kumpa alama za juu kuliko darasa zima. Kliniki ni yake. Mimi nimepata sifuri na kusimamishwa wiki mbili. Sikujali sana. Naapa sikujali. Nilikuwa nawaza yule mtoto wa miaka tisa kwenye ngazi.

Jumapili, 15 Juni

Siku mbili nimeandika barua. Nimechana karatasi kumi na moja. Ya kumi na mbili ndiyo yenyewe. Jamani, barua! Nimeweka kila kitu, ngazi za hospitali, mama kitandani, kiganja, miaka yote ile. Nimekiri kosa langu bila kujitetea isipokuwa ukurasa wa pili. Nilipoisoma tena nililia machozi ya kweli. Hakika nimebadilika. Kamwe sitaanika tena siri ya mtu.

Nimempelekea mwenyewe leo asubuhi. Aliipokea mlangoni, akaisoma amesimama. Akaikunja mara nne. Akasema, "Nimekusamehe. Yaishe hapa." Macho yake yalikuwa yamelowa. Nilirudi nyumbani nikijisikia mwepesi.

Njiani nikawaza. Darasa zima linaniona mnyama. Barua kama ile, isomwe na mtu mmoja tu? Kwa bahati nilikuwa nimeipiga picha kabla ya kuitia kwenye bahasha. Safari hii hakuna ujanja, hakuna akaunti ya siri. Nimeiweka kwenye kundi la darasa na kwenye ukurasa wangu mwenyewe, kwa jina langu na jina lake, kurasa zote tatu, ili kila mtu aelewe ni binti wa aina gani na amepitia nini. Watu mia tatu wameshaipenda. Wengine wanalia. Mmoja anauliza mama alikuwa anaumwa nini, nimemwahidi kumuulizia.

Saa tano zimepita. Kiganja ameisoma, naona alama. Hajaandika neno. Nimempigia mara sita, sasa namba haipatikani kabisa. Dada yake naye amenizuia kumpigia.

Nimepigwa na butwaa. Hata asante!