Rufaa ya Banda la Kuku

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Karatasi imefika! Ofisi ya kodi ya majengo imeithamini nyumba yangu, hii hii ya Kiseke, ya matofali ya kuchoma na bati, kana kwamba ni hoteli ya ufukweni. Nimeisoma sebuleni. Nikaenda chooni nikaisoma tena. Kodi haikupungua.

Naandika hapa kwa sababu Mama Queen, mke wangu, amechoka kunisikiliza. Tangu nipunguzwe kazi kiwanda cha kuchambua pamba tunaishi kwa cherehani yake. Cherehani iko chumba cha mbele, kinachotazama barabara. Wateja wanaiona, wanaingia. Tukishindwa kodi hii itabidi chumba hicho tukipangishe. Cherehani itakaa wapi? Jikoni? Nani atapeleka kitambaa cha harusi kwenye moshi wa dagaa? Nilipomwambia aliendelea kukanyaga cherehani. Nikaona hajaweka uzi.

Baadaye akaichukua ile karatasi, akaniuliza hii "nyumba ndogo ya uani" ni ipi. Hatuna. Tuna banda la kuku. Akasema basi niende nikawaambie hivyo hivyo, yaishe. Nikacheka. Rufaa ya mwanamume mwenye darasa la nane la zamani haiwezi kuanzia kwenye kuku.

Jumanne, 5 Agosti

Masalu! Jirani yangu, mweka hazina wa jumuiya yetu ya Mtakatifu Monika. Nyumba yake ina nguzo barazani, nguzo kabisa, na kodi yake imepunguzwa! Nimeenda kumsalimia kwa upendo wa Kikristo ili nimpeleleze. Akasema, "Ngosha," ndivyo Wasukuma tunavyoitana wanaume, "mimi nilikata rufaa tu. Wakaja, wakaona wenyewe." Wakaona nini? Akasema wakaona hali halisi. Kisha akaangalia pembeni na kuniongezea chai ambayo sikuiomba. Mtu huongeza chai namna ile akiwa na siri.

Nimeelewa. Aliwaonyesha umaskini! Alizificha wapi zile nguzo, sijui. Lakini mtu aliyeshindwa na Masalu katika kwaya hatakubali kushindwa naye katika umaskini.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeshuka mjini Nyamagana kukata rufaa. Karani binti, mpole sana, akaniamkia shikamoo, akauliza sababu ya rufaa. Nikamwambia aandike "hali halisi". Akauliza hali gani. Nikamwambia waje waone wenyewe. Mthamini atakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Nimerudi nikisali rozari ya shukrani, fungu la furaha.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Wenzangu wameenda kutazama ng'ombe wa maonyesho. Mimi nimeshinda naharibu nyumba yangu. Nimeng'oa mapazia. Nimepaka ukuta wa mbele tope. Mama Queen akasema mthamini bado ni wiki nzima, haraka ya nini. Nikamweleza kwamba umaskini wa siku moja hujulikana tu. Lazima nyumba iuzoee.

Kisha, jioni, wazo kubwa! Kuku wahamie sebuleni, mimi nihamie bandani. Nyumba ambayo baba mwenye nyumba analala bandani, serikali gani itakuwa na moyo wa kuitoza? Mama Queen akaniuliza kama nimekunywa. Nikamwambia anajua vizuri kwamba sinywi. Akasema ndiyo maana ana wasiwasi. Akafunga chumba cha cherehani kwa kufuli, ufunguo akautia kifuani.

Jogoo amekaa juu ya redio yangu. Mimi niko bandani na godoro. Harufu si mbaya kama nilivyodhani. Ni mbaya zaidi.

Jumamosi, 9 Agosti

Ole wangu! Jumuiya! Leo ilikuwa zamu ya kusali kwetu na nilisahau kabisa!

Alfajiri nasikia wimbo wa Bikira Maria. Nikafikiri naota mbinguni. Nikatambaa nje nikiwa na blanketi mabegani na mavi ya kuku kichwani. Mbele yangu jumuiya nzima. Mama Dorotea, mwenyekiti wetu, ameshika mshumaa. Masalu ameshika msalaba. Wimbo ukafia katikati ya ubeti.

Mama Dorotea akauliza, kwa sauti ya msibani, kama ndimo ninamolala. Ningesema nini? Kwamba hapana, mama, nina kitanda kizuri cha mninga ndani, naidanganya tu serikali? Mbele ya msalaba? Nikanyamaza. Ukimya wangu ukawaliza zaidi. Wakaingia sebuleni, wakamkuta tetea anataga kwenye kiti walichozoea kumkalisha katekista. Wakasali wamesimama. Somo la siku liliachwa. Wakasoma Ayubu.

Mama Queen alikuwa mlangoni ameziba mdomo kwa khanga. Wakadhani naye analia. Mimi namjua. Mabega yale hayakuwa ya kulia.

Jumapili, 10 Agosti

Misa ya pili. Limetoka tangazo: kuna familia ya hapa hapa parokiani, familia ya ndugu yetu Alexander Shimba, imepatwa. Hawakusema imepatwa na nini, hivyo kila mtu akachagua. Mzee mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake kwamba alijua tu, kiwanda kile kilikuwa na uchawi.

Kikapu kikapitishwa. Kikaja benchi letu. Kikasimama mbele yangu! Kanisa zima linanitazama. Nikatia mkono mfukoni nikatoa. Nimejichangia mwenyewe! Mama Queen alikazia macho sanamu ya Mtakatifu Antoni mpaka baraka ya mwisho.

Nilitaka kubaki niungame. Aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni ni Masalu, akanipisha nitangulie, eti mimi nina mzigo mzito zaidi. Nikarudi nyumbani.

Jumanne, 12 Agosti

Wamekuja! Akina mama na ugali na sato wa nazi, vijana na saruji, chokaa, mchanga. Nikasimama mlangoni nikawasihi waache, sina shida yoyote, wallahi nikataka kusema, nikakumbuka mimi ni Mkatoliki. Mama Dorotea akanipapasa bega. Akasema, "Kiburi cha maskini ni mzigo, Baba Queen. Utue."

Tope langu la Ijumaa likaoshwa na ukuta ukapigwa chokaa. Hilo ningelivumilia. Lakini walianzia bandani! Kwa sababu ndugu yao analala humo! Wakapiga lipu. Wakamwaga sakafu. Wakatoboa dirisha. Masalu akaleta mlango kutoka stoo yake, mlango wa mninga, akaupaka rangi ya buluu kwa mkono wake mwenyewe, ulimi umemtoka pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika.

Tukiwa wawili akaniambia nisione aibu. Akasema hata yeye ana yake. Nyumba yake aliijenga juu ya mawe, akashindwa kulipasua moja, akalizungushia ukuta. Chumba chake cha kulala, nusu nzima ni jiwe! Miaka yote anawaficha watu. Mthamini alipoliona akakifuta chumba kile kwenye hesabu. Ndiyo hiyo hali halisi.

Jiwe! Jiwe tu! Hakuwa na mbinu yoyote! Nilitaka kukaa chini nilie, ila sakafu ilikuwa bado mbichi.

Alhamisi, 14 Agosti

Mthamini amekuja. Kijana, jina lake Nurudin, mtu wa Tabora, amehamishiwa huku juzi juzi. Akaniamkia kwa adabu. Akaitazama nyumba ilivyometa kwa chokaa, akanisifu kwa usafi. Nikamshukuru kama mtu anayeshukuru kung'olewa jino.

Kisha akasema neno lililonipandisha hadi mbinguni. Akasema ofisini wana shaka na jengo la uani, huenda aliyepita mwanzo aliona banda la kuku akalihesabu nyumba. Likiwa banda, atalifuta sasa hivi, na kodi itashuka sana. Nikaruka! Banda! Ni banda, mwanangu, kuku watupu! Nikamshika mkono, nikamkimbiza uani.

Mlango wa buluu. Akaufungua. Kitanda walichonitafutia jumuiya. Pazia lenye maua, zawadi ya Mama Dorotea. Picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu ukutani. Akauliza kuku wako wapi. Nikamwambia wako sebuleni.

Akanitazama kwa huruma ile ile ya jumuiya. Akasema, taratibu, kwamba mzee, hii ni nyumba, na nzuri. Tathmini inabaki kama ilivyo.

Nikakaa kizingitini. Nikaona chumba cha mbele kimeenda, na cherehani iko jikoni, na Mama Queen anapuliza majivu kwenye gauni la bibi harusi. Sikuwa na uso wa kumtazama.

Yeye alikuwa amesimama nyuma yetu, futi ya kupimia shingoni, amesikia yote. Alimuuliza kijana anakaa wapi. Akasema amepanga gesti Buzuruga, kelele za stendi hazimwachi alale. Mama Queen akaufungua tena ule mlango wa buluu, akamwonyesha dirisha linavyoingiza upepo wa ziwani, akamsikilizisha utulivu. Akamtajia kodi ya mwezi. Kijana akasema kidogo ni kubwa. Mama Queen akasema basi chai ya asubuhi atampa bure. Wakakubaliana! Mimi bado niko kizingitini naomboleza, wananiruka kupita. Kodi ya chumba italipa kodi ya nyumba. Cherehani haihami.

Usiku huu inalia kule mbele, trrrr, trrrr. Nimepiga magoti nimemshukuru Mungu kwa kunipa mke wa namna hii, na nimeahidi kutofanya tena mpango wowote.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Nurudin amehamia. Jumuiya wamekuja kumpokea, na Masalu ameeleza kila mtu kwamba mlango ni wake. Kuku hawana pa kurudi. Tunakaa nao sebuleni, mimi na jogoo tukigombea redio.

Lakini sikiliza! Kanisani, katikati ya mahubiri, nimepata mwanga. Kama banda lilipotiwa mtu likawa nyumba, basi nyumba iliyotiwa kuku ni nini? Ni banda! Nyumba nzima! Kesho nakata rufaa upya, na mthamini yuko hapa hapa uani, hata nauli sitatoa. Mama Queen bado sijamwambia. Nitamwambia mambo yakishakaa sawa.

Jioni nimepita sokoni nimenunua kuku wengine, ushahidi uwe mzito.