Nani Alichambwa na Mume wa Malkia

Ijumaa, 3 Oktoba
Mume wa Malkia amefariki. Bendera ya ukumbi wa mji nusu mlingoti. Duka la maua limeishiwa waridi kabla ya saa sita. Mke wangu Glenys kalia kidogo, kisha kalia zaidi: televisheni imefuta fainali ya mashindano ya keki. Na mimi nina huzuni, kweli. Miaka yote ile mzee wa watu anatembea nyuma ya mkewe! Lakini redio ya mkoa inatafuta mtu mmoja wa hapa Haxley aliyewahi kukutana naye, aongee hewani Jumatatu. Lazima niwe mimi.

Jumamosi, 4 Oktoba
Baa. Msiba umegeuka mashindano. Kila mtu anajivunia alivyochambwa na marehemu, maana ulimi wake haukuwa na breki, na ndiyo tulivyompenda. Jirani yangu Pickersgill, mwokoaji wa zamani wa bwawa letu la kuogelea, kasimulia tena siku marehemu alipokuja kulifungua. Alikitazama kitambi cha Pickersgill, akamuuliza akizama yeye, wataita winchi? Baa nzima hoi. Wakanigeukia. Siku ile nami nilikuwepo, nimeshika mkasi wa utepe. Niliambiwa nini? "Kazi nzuri, bwana. Asante." Basi! Aibu gani hii? Nikasema aliniuliza kama masharubu yangu nimeyabandika kwa gundi. Wamecheka kuliko kwa Pickersgill. Mtu wa redio alikuwa pale pale akisikiliza: wamenichagua mimi!

Jumapili, 5 Oktoba
Glenys anasema mwaka ule sikuwa na masharubu. Nimemwambia asiniharibie. Kajibu haya, baba, lakini yeye hayumo.

Jumatatu, 6 Oktoba
Hewani. Masharubu yamekwenda vizuri mno! Nikanogewa, nikaongeza kwamba aliicheka na suti yangu. Ndipo mtangazaji, binti mpole kabisa, akasema wana zawadi yangu: kanda ya siku ile, wameifukua kwenye stoo yao. Wakaipiga. Sauti ya marehemu, safi: "Kazi nzuri, bwana. Asante." Kisha yangu, nyembamba: "Asante nawe, Mtukufu." Mungu wangu!

Jumanne, 7 Oktoba
Afadhali wangenicheka. Wananionea huruma! Muuza nyama kanishika mkono kama mfiwa: pole sana, Bwana Ollerenshaw, hata kejeli moja hakukupa? Pickersgill kaniletea keki. Nimeila kwa hasira.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimejirekebisha. Mtu aseme ukweli. Na ukweli ni upi? Waliochambwa ni maelfu. Aliyeshukuriwa ni mimi peke yangu! Nimepiga simu redioni. Wamefurahi, kesho narudi hewani. Nikaenda kumtambia Pickersgill. Mtu yule hana haya: eti na yeye alishukuriwa, mara mbili, kabla ya ile ya winchi. Mwongo mkubwa! Glenys kaniuliza sasa nitasema nini. Kweli tupu, nimemwambia. Alinishukuru, akanikumbatia, akatokwa na machozi.