Jezi Haidanganyi

Jumatatu, 4 Machi

Habari njema kuliko zote tangu niajiriwe hapa kwa dobi! Binti wa kaunta ameolewa, anahama. Kiti chake kimebaki wazi. Kiti chenye mgongo! Chini ya feni! Miaka minane nimevuta mashuka mabichi ya hoteli kutoka kwenye mashine, mpaka kiuno kimekuwa cha kuazima. Asubuhi huamka kwa awamu tatu. Kiti kile ni changu, hata kichanga anajua.

Bosi hajui. Bosi anasema tunaostahili tuko wawili, mimi na mpiga pasi wetu. Huyu wote humwita Dada Mkubwa, ingawa nimemzidi miaka miwili na hakuna aliyewahi kuniita Kaka Mkubwa. Nimelinyamazia jambo hili muda mrefu. Leo naliandika.

Bosi akashindwa kuamua. Mimi, kwa akili zangu mwenyewe, nikashauri tuamue kwa fantasi. Sisi ndio tunaofua jezi za timu kubwa ya mji huu, na Jumamosi wana mechi. Kila mmoja wetu achague washambuliaji watatu wa timu hiyo na aandike pointi anazowatabiria. Kucheza ni pointi mbili, asisti tatu, bao tano. Mmoja unamfanya nahodha, zake zinazidishwa mara mbili. Atakayepata pointi nyingi akalie kiti.

Dada Mkubwa akasema sawa, bila hata kuinua macho kutoka kwenye kola aliyokuwa akiinyoosha. Masikini. Hajui anacheza na nani.

Jumanne, 5 Machi

Naandika siri. Wachambuzi wa redioni hukaa studio wakibwabwaja. Wao wana maneno, mimi nina gunia la jezi za mazoezi, linaletwa kila siku likiwa bado na joto la mwili. Jezi haidanganyi!

Nimezikagua zote kabla ya kuziloweka. Umeme, winga namba kumi na moja: matope kifuani, matope magotini mwa bukta, na chokaa begani. Chokaa ya mstari! Maana yake anaganda pembeni kama winga wa kweli, anaukanyaga mstari, anaulalia. Mnara, namba tisa: jezi safi. Safi! Karibu inukie. Mtu mzima analipwa mshahara wa kusimama juani. Nimemfuta.

Jioni nikamweleza mke wangu wakati ananichua mgongo. Akauliza kwa nini nisimwambie Bosi tu kwamba naumwa, anipe kiti. Nimwambie Bosi! Niombe! Nikamjibu kwamba duniani kuna wanaoomba na kuna wanaoshinda. Akabonyeza palepale panapouma. Nahisi ni makusudi.

Jumatano, 6 Machi

Dada Mkubwa hupiga pasi huku redio ikitangaza michezo. Anachota uchambuzi wa bure mbele ya macho yangu! Nikaenda kwa Bosi, nikamwambia kelele zile zinanifanya nichanganye nguo nyeupe na za rangi. Ushahidi ulikuwepo: shati la mwanasheria limekuwa la waridi. Nilikuwa nimelichanganya Jumatatu, lakini shati halisemi siku.

Bosi ameizima redio mpaka Jumamosi. Ushindi! Sasa yeye ni kipofu, mimi ndiye mwenye macho. Hakugomba. Akaanza kuimba mwenyewe, na sauti yake ni adhabu.

Umeme leo: chokaa mpaka kwenye kola. Mwanamume!

Alhamisi, 7 Machi

Siku mbaya. Chokaa ya Umeme imegoma kutoka hata baada ya kufua mara mbili, na jezi ilikuwa inakwenda kwenye meza ya Dada Mkubwa. Angeiona, angejua ninachojua. Kwa hiyo alipotoka kunywa chai nikaipiga pasi mwenyewe. Si kazi yangu. Moja ya zile namba za mgongoni ikayeyuka na kuganda kwenye pasi yake.

Aliporudi alikwangua pasi nusu saa nzima. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwa upole, kaka, kila mtu na kazi yake. Anifundishe kazi! Mimi! Damu ilinichemka.

Kisha akaja mtunza vifaa wa timu kuchukua mzigo. Nikajiandaa kuomba radhi. Akaitazama jezi, akacheka, akasema isinipe presha, kwani jezi hiyo siku hizi... Nikamkata kauli hapohapo. Nikamwambia mimi ni mtu mwadilifu, sitaki siri za ndani ya timu, ushindi wangu nautaka halali. Akapandisha mabega, akaenda kuzungumza na Dada Mkubwa. Nilimsikia yule mama akimuuliza wachezaji wanaendeleaje. Wanaendeleaje! Kama wamelazwa wodini. Na mtunza vifaa akamjibu, dakika mbili nzima. Watu wengine hawana haya.

Ijumaa, 8 Machi

Tumekabidhi karatasi kwa Bosi. Yangu: Umeme nahodha, mabao mawili na asisti mbili, jumla pointi thelathini na sita baada ya kuzidisha. Namba saba, ambaye namwita Saba tu, bao moja, pointi saba. Kijana wa namba kumi na tisa, ambaye soli za viatu vyake zimechapa alama kwenye bukta ya mwenzake, asisti moja, pointi tano. Arobaini na nane!

Yeye: Mnara nahodha. Mnara! Kisha Kumi, kisha Saba. Jumla ishirini. Bosi alipomuuliza mbona kidogo hivyo, akasema mpira una mambo yake. Nilicheka mpaka nikashika kiuno.

Nikatoa mto nilionunua asubuhi, mwekundu, wenye kamba za kufungia, nikaupima kwenye kiti cha kaunta. Unaenea kabisa. Dada Mkubwa akauona. Akasema jamani, kaka, umeninunulia mto hata kabla ya matokeo, Mungu akubariki. Mbele ya wateja watatu! Ningesema nini? Nikasema karibu.

Jumamosi, 9 Machi

Tumetazama mechi kwenye televisheni ndogo ya kaunta. Wachezaji wakaingia uwanjani. Nikamtafuta Umeme. Hayupo. Nikamtafuta benchi. Hayupo. Kamera ikamwonyesha jukwaani, amevaa suti, magongo mawili pembeni, anakula karanga.

Mtangazaji akasema aliumia nyama za paja wiki iliyopita na kwamba habari hiyo imerudiwa redioni wiki nzima. Wiki nzima! Redio ipi? Bosi akaniangalia. Nikaangalia feni.

Mnara akafunga penalti. Akafunga la pili kwa goti. Akafunga la tatu kwa kichwa, bila kuruka, mpira ulimfuata pale aliposimama. Mabao mawili kati ya hayo yalitokana na asisti za Kumi. Saba alicheza tu. Kijana wangu wa kumi na tisa alikaa benchi dakika tisini akitafuna kamba ya jaketi.

Dada Mkubwa: arobaini na nne. Mimi: mbili.

Nikakata rufaa. Nikasema alitabiri ishirini akapata arobaini na nne, kwa hiyo amekosea kwa ishirini na nne, na mtu aliyekosea kiasi hicho hawezi kuitwa mshindi. Bosi akauliza mimi nimekosea kwa ngapi. Swali la uchokozi.

Jumapili, 10 Machi

Sikulala kwa hasira, na mgongo ukasaidia. Asubuhi nikaenda uwanjani kudai maelezo. Uwanja mtupu. Mzee mmoja, mtunza uwanja, alikuwa amepiga magoti kwenye matope akirekebisha mstari wa pembeni, ndoo ya chokaa ubavuni. Amevaa jezi. Mgongoni ina namba moja, na pembeni yake doa la plastiki iliyoungua.

Nikamuuliza amevaa nguo ya nani. Akasema ya Umeme, kamwachia tangu alipoumia, kwa kuwa nguo yake mwenyewe imechakaa. Nikamuuliza na Mnara je, mbona jezi yake haichafuki? Akasema Mnara wiki nzima alikuwa anapiga penalti peke yake, mtu hachafuki kwa penalti. Kisha akaniomba nisikanyage rangi. Nilikuwa nimeshaikanyaga.

Nilipofika nyumbani mke wangu aliona viatu vyeupe, hakuuliza. Akaniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwambia guu langu zima, ni kiuno. Akageuka ukutani, mabega yakamtikisika. Sijui alikuwa akilia au akicheka, na sikutaka kujua.

Jumatatu, 11 Machi

Dada Mkubwa amekaa kwenye kiti. Kwenye mto wangu. Feni inampepea mpaka leso inapeperuka. Nikapita mbele yake na kapu la mashuka mabichi, kichwa juu. Nikafika katikati ya chumba, mgongo ukakatika. Nikabaki nimeinama pale na kapu langu kama mtu anayetafuta sindano.

Akainuka, akalipokea kapu. Akasema kwa sauti ya chini, wateja wasisikie, kaka, tugawane. Wewe asubuhi, mimi mchana. Pasi nitaipiga asubuhi, na mashuka tutayavuta pamoja. Alikuwa ameshaongea na Bosi. Bosi amekubali.

Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna asomaye: machozi yalinilengalenga. Nusu siku kwenye kiti kile! Miaka minane! Niliona kabisa nikifika nyumbani nimesimama wima.

Lakini nikakumbuka. Mimi ndiye niliyebuni mashindano haya. Nipewe sadaka ndani ya mashindano yangu mwenyewe? Na mtu anayeshinda kwa kuulizauliza? Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu hazijanyonyoka. Nikakataa. Nikamwambia turudie Jumamosi ijayo, mshindi akalie kiti siku nzima, aliyeshindwa avute mashuka yote hadi mwisho wa mwaka, peke yake. Akaniuliza kama nina uhakika. Akaniuliza tena. Mara ya tatu akamwita Bosi aje aniulize yeye.

Nina uhakika. Kosa langu sasa nimelijua, na ni dogo sana. Jezi mtu anaweza kumwachia mwenzake. Soksi je? Nani huazima soksi? Jioni hii nimezikagua jozi ishirini na mbili, moja moja, kwa pua na kwa tochi. Soksi ya kulia ya Saba imetoboka kwenye kidole gumba. Huyo anapiga mashuti! Nahodha wangu, mabao matatu. Jumla nimetabiri hamsini na mbili.

Na redio nimeomba izimwe tena.