Makoti Apewe Vitenzi Vyake Kabla ya Jumapili

Kwa Baba Mkubwa Thulani Mthiyane,
Mwenyekiti wa Kikao cha Ukoo.

Shikamoo Baba Mkubwa. Naandika kwa sababu nikisimama mbele ya watu wazima ulimi hunikauka, nawe unajua. Nimesikia kwamba Jumapili mtaamua kama makoti wetu Lungile, mke wa kaka Sakhile, arudishwe kwao kwa kosa la pombe ya babu kumwagika. Naomba kwa unyenyekevu asirudishwe, na badala yake yashtakiwe majina yenu. Sababu zangu ni hizi:

1. Mke aliyeolewa katika nyumba hii hatamki majina ya wakwe zake wa kiume, wala neno lolote lenye sauti za majina hayo. Mila hiyo naiheshimu. Lakini bibi alizaa wanaume wanne, wote akawaita kwa vitenzi vya Kizulu. Wewe ni Thulani, yaani nyamazeni. Baba yangu ni Lindani, subirini. Baba wadogo ni Bhekani, tazameni, na Phumlani, pumzikeni. Marehemu babu naye alikuwa Vukani, amkeni. Makoti hana ruhusa ya kumwamsha mtu. Mwezi uliopita pazia la jikoni lilishika moto, akamwambia kaka, "Mume wangu, usingizi wako umefika mwisho." Kaka akajibu, "Bado kidogo, mpenzi." Pazia hatuna tena.

2. Shuleni tunasoma kwa Kizulu na kwa Kiingereza, kwa hiyo jambo hili nimelipima pande zote mbili. Kitenzi cha Kiingereza hutembea mikono mitupu: mtendaji yuko mbele, wakati uko pembeni, mtendwa anafuata nyuma. Ukikiondoa, wengine wanabaki, unaweza kukisia. Chetu kimewabeba wote mgongoni kwa neno moja. Ukimnyang'anya makoti kitenzi, umemnyang'anya sentensi nzima pamoja na watu waliokuwa ndani yake.

3. Jumamosi baba alikuwa akirudisha pikapu nyuma, kuelekea kwenye vyungu vitatu vya pombe ya mtama, ile ya sherehe ya kuirudisha roho ya babu nyumbani. Makoti akaona. Subiri, hawezi. Tazama, hawezi. Akapaza sauti, "Baba! Pombe iko nyuma yako!" Baba akatoa kichwa dirishani, akacheka. "Asante, mkwe wangu! Niwekee, nakuja!" Akaja kweli, kinyumenyume.

4. Shangazi Ntombenhle akasema mbele ya wageni, "Mdomo wa kuomba nyama unao, wa kuokoa pombe huna?" Makoti hakumjibu, kwa sababu jibu lililomfaa shangazi ni jina lako.

5. Kwa hiyo naomba wanaume wote wa ukoo wabadilishiwe majina, wapewe ya vitu. Baba awe Ndoo. Wewe, kwa heshima ya cheo chako, uwe Kabati. Najua makoti hatatamka ndoo tena, lakini ndoo mtu huionyesha kwa kidole. Kusubiri, nani atakuonyesha kwa kidole? Hilo likiwa zito, basi mkopesheni vitenzi viwili tu vya dharura, atavirudisha jioni vikiwa safi.

Wasalimie Mama Mkubwa na watoto, baba wadogo wote wawili, majirani waliokosa pombe, na shangazi, ikibaki nafasi.

Ni mimi binti yenu mtiifu,
Thobile.

N.B. Baba Mkubwa, hili sijamwambia hata mama. Jumamosi ile nilikuwa nimekaa juu ya kreti, hatua mbili tu kutoka kwenye vyungu, karibu kuliko makoti. Mimi nimezaliwa humu, mwiko haunihusu. Nilikuwa na vitenzi vyote, vya lugha zote mbili. Lakini wageni walikuwa wengi, nikaona haya kupiga kelele, nikainamia viatu vyangu mpaka nikasikia vyungu vikipasuka. Makoti aliniona, na hadi leo hajamwambia mtu. Kwa hiyo kama Jumapili lazima mtu arudishwe kwao, ni mimi. Ila kwetu ni hapa hapa, sijui mtanipeleka wapi.