Spika za Gari la Mkunga

Jumatatu, 4 Machi

Nimedharauliwa. Siwezi kusema vinginevyo.

Jumamosi tunamfanyia baba mkwe sherehe ya kustaafu. Mama mkwe amegawa majukumu kwa simu. Shemeji, kaka wa mke wangu, ataleta muziki, kwa sababu gari lake jipya lina spika za kutikisa madirisha ya majirani. Mimi nitaleta viti. Nilidhani sikusikia vizuri, nikamwomba mama arudie. Akarudia. Viti. Vya plastiki.

Kana kwamba sisi hatuna gari. Sawa, ni la mke wangu, ambaye ni mkunga na hulitumia kwenda zahanati. Mimi ni dereva wa akiba. Na sawa, redio yake inalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Nimemwambia mke wangu tuweke spika mpya milangoni. Amejibu kwamba zilizopo zinatosha kusikilizia taarifa ya habari, na kwamba yeye habadilishi kitu kizima.

Nimelitafakari sana neno hilo, kizima. Mchana sote tuliporudi kula, yeye akiwa jikoni, nilipenyeza bisibisi kwenye matundu ya mlango, huku na huku, nikazitoboa spika zote mbili. Jioni akawasha redio, ikakoroma. Alishtuka. Mimi nilishtuka kumzidi, na nadhani nilishtuka vizuri. Akanipa pole, masikini, kisha akakubali nilipeleke gari kwa fundi.

Jumanne, 5 Machi

Dukani kwa Besi, anayeuza redio na spika za magari. Jina lake halisi hakuna anayelikumbuka.

Amenionyesha spika za vipande. Sikujua kama kuna kitu kizuri hivyo duniani. Ile kubwa inakaa chini mlangoni kwa ajili ya besi, yaani sauti nzito. Ile ndogo, inaitwa twita, inakaa juu karibu na kioo cha pembeni kwa ajili ya sauti nyembamba. Katikati yao kuna kikasha kinachogawa sauti, kila moja ipate inayoiweza. Nilitikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

Akauliza fundi wangu ni nani. Nikamwambia ni mimi. Akanitazama mikono. Nikamkumbusha kwamba nauza mapazia, na nimepima madirisha ya watu tangu ujana wangu. Mlango wa gari ni nini, kama si dirisha lenye kitasa?

Akauliza mke wangu anasemaje. Hapo nikamsimulia habari ya bisibisi na ya fundi wa uongo. Alicheka mpaka akashika kaunta. Mtu mzuri sana yule. Ameandika namba yangu ili ajue kazi itakavyokwenda.

Jumatano, 6 Machi

Nimeomba ruhusa kazini kwa kusingizia tumbo. Mke wangu amepewa lifti na mwenzake. Uwanja wote wangu.

Kava la mlango linashikiliwa na vibanio vya plastiki. Huwa vinachomoka taratibu, nimeambiwa baadaye. Vyangu vimekatika kimoja baada ya kingine kwa mlio wa karanga. Nyuma ya kava kuna karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi. Inaonekana kama takataka ya kiwandani. Nimeitupa.

Tundu la zamani ni dogo kuliko spika mpya. Nikaazima mkasi wa bati kwa jirani anayetengeneza mabirika, nikakata. Nilikata zaidi kidogo ya nilivyokusudia, lakini spika ilizama mahali pake kama yai kwenye kiota. Nilisimama pale nikijipongeza.

Kisha nikashusha kioo.

Kilishuka vizuri mpaka katikati, kikagonga mgongo wa spika. Krrk. Nikaendelea kubonyeza, nikidhani kinasitasita tu. Kikaachia. Nilikisikia kikiteleza ndani ya mlango mpaka chini kabisa, kama shilingi ndani ya kibubu. Nilibaki na kidole kwenye kitufe, mdomo wazi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kioo kikishuka kinakwenda mahali.

Mke wangu aliporudi nilimwambia fundi ameacha dirisha wazi ili gundi ikauke.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua.

Dirisha nilikuwa nimeliziba kwa mfuko mweupe, lakini ile nailoni niliyoitupa, kumbe ndiyo ilikuwa inazuia maji yasiingie ndani. Nani angejua? Nilikata upesi kitambaa cha pazia zito, lile la kuzuia jua, nikakibandika mahali pake. Kinazuia jua vizuri mno. Maji kimeyanywa yote, kisha kikayatema kwenye kiti cha dereva.

Kuna jambo lingine. Jana nilikuta nyaya nyingi mlangoni, nikaunganisha twita kwenye zile zilizoonekana kutokuwa na kazi. Zilikuwa na kazi. Ndizo za kufuli. Mke wangu alipofika zahanati, mlango wake ulijifunga na ukagoma kabisa. Alipanda juu ya gia, akatokea mlango wa abiria, gauni la kazi limelowa upande mmoja, mbele ya foleni yote ya kina mama.

Amenisimulia haya jioni kwa sauti ya chini, akikamua gauni. Akaniuliza huyo fundi ni mtu wa namna gani. Nikasema ni mtu mwenye kipaji ila bado anajifunza. Akasema angependa sana kumwona.

Halafu akanipa pole tena. Eti najua jinsi ulivyokuwa unazitamani hizo spika.

Ijumaa, 8 Machi

Tumbo limeniuma tena, kwa mujibu wa bosi wangu.

Nimechonga duara la mbao, nikaliweka kati ya spika na mlango ili spika isogee nje. Sasa kioo kinapanda na kushuka bila kugusa kitu, baada ya kukivua kwa waya wa kuanikia nguo na kukirudisha kwenye reli yake. Nyaya za kufuli nimezirudisha zilikotoka. Kava halifungi tena, limetuna kama shavu lenye jino bovu, lakini nimelibana kwa utepe wenye gundi pande mbili.

Nikawasha.

Sijui niandike nini. Wimbo ule ule ninaousikia kila siku, leo nimemsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuanza. Nimesikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi za gitaa. Niligeuka kutazama kiti cha nyuma, nikidhani kuna mtu. Mwili ulinisisimka mpaka kwenye nywele.

Nimempigia mama mkwe kumwambia kwamba nami ninao muziki. Akasema vizuri, mkwe wangu, lakini viti usisahau.

Jumamosi, 9 Machi

Nitaandika kama ilivyotokea.

Shemeji alianza. Besi ya spika zake ilitikisa vikombe kwenye trei. Wageni wakawa wanazungumza kwa ishara. Mzee mmoja akashika kifua, na mama mkwe akamwamuru mwanawe azime. Ndipo nikasogeza gari letu hadi kwenye viti, nikafungua milango yote, nikaweka wimbo wa taratibu.

Watu waligeuka. Mama mkwe akatua trei. Shemeji akaja kuchungulia mlangoni, akitafuta kasoro asiione. Na baba mkwe, ambaye amefanya kazi kwenye kinu cha kusaga nafaka hadi masikio yakabaki huko huko, aliinuka akaja kusimama kando ya gari, ameinamisha kichwa. Mke wangu alinitazama kutoka mlango wa jikoni, akatabasamu. Nilikuwa mtu.

Wimbo ukakatika. Simu ikaanza kuita uwanja mzima.

Nilikuwa nimesahau kwamba simu yangu imeungana na redio ya gari. Nikarukia kitufe cha kukata. Nikabonyeza cha kupokea.

"Ndugu yangu wa mapazia," ilisema sauti ya Besi, safi, kila herufi peke yake. "Vipi, mkeo bado anaamini zile za zamani zilipasuka zenyewe?"

Nilibonyeza kila kitu. Vifuta kioo vikaanza kufanya kazi.

"Nimemsimulia mke wangu habari ya bisibisi, amecheka mpaka amekaa chini. Na hilo la fundi, amelimeza?"

Nikauvuta mlango kwa nguvu ili angalau sauti ipungue. Kava likabanduka lote, likaniangukia miguuni, na pazia la kijani likaning'inia nje mbele ya wageni. Besi aliniita mara mbili tatu, akadhani mtandao ni mbaya, akakata.

Vilibaki vifuta kioo tu, kushoto, kulia.

Mke wangu alikuja polepole na sahani mkononi. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Alhamisi kuna mama alikuwa anajifungulia koridoni," alisema. "Mimi nimefungiwa ndani ya gari, namwona kupitia mlango wa kioo. Nimetoka nimelowa, nikampokea mtoto na gauni linadondosha maji. Nikarudi nyumbani nikakupa pole. Wewe."

Akanyoosha mkono. Nikampa funguo.

Sauti iliyofuata ilikuwa ya baba mkwe, akimwambia mama mkwe kwa mshangao, "Nimesikia. Nimesikia kila neno."

Jumapili, 10 Machi

Nimelala sebuleni. Mtoto wa yule mama ni mzima, wa kike. Nimeuliza. Hilo ndilo neno pekee nililojibiwa leo asubuhi.

Mke wangu amelipeleka gari gereji mwenyewe, na kurudi nalo alasiri. Mlango umefungwa sawasawa, nailoni mpya, vibanio vipya. Nilitegemea spika zitakuwa zimetupwa. Nilipotoka kuanua nguo nilimkuta amekaa garini peke yake, amefumba macho, wimbo unacheza kwa chini. Nilipigwa na butwaa. Nikasogea hatua mbili.

Akafumbua macho, akaniona, akapandisha kioo. Kimepanda vizuri sana.

Jumanne, 12 Machi

Baba mkwe amenipigia, na yeye si mtu wa simu. Aliongea kwa sauti ya kunong'ona iliyosikika mpaka duka la jirani. Alitaka niende kwake mchana, mama mkwe akiwa sokoni.

Nilikwenda nikijua nakwenda kusemwa. Nikamkuta nyuma ya nyumba kwenye pikapu lake la zamani, amekunja mikono ya shati. Akaniambia kwamba hajasikia wimbo ukaisha wote tangu mke wangu akiwa anatambaa. Kwamba siku ile, kando ya gari letu, alisikia hadi mwimbaji akivuta pumzi. Kisha akaniuliza, macho yanakwepa kama ya mtoto, kama na pikapu linaweza kufanywa hivyo.

Nilitaka kukataa. Naapa nilifungua mdomo ili nikatae.

Tumekwisha kuanza. Baba mkwe ana mkono mzito wa kushika spana, hatetemeki hata kidogo. Safari hii naifanya kwa akili, maana nimekaa chini nikatafakari kosa langu lilikuwa wapi, na nimelipata. Kosa langu ni kwamba niliuacha mlango kwenye gari. Wa pikapu tumeung'oa wote, uko hapa kwenye nyasi, umelala chali. Mama mkwe ndiye huyo anaingia getini.