Cheti cha Kifo cha Bakteria

Idara ya Uthibitisho wa Uhai na Kifo cha Bakteria wa Magonjwa ya Zinaa, wilaya ya Oqtepa, ina furaha kubwa kuutangazia umma kwamba kuanzia leo hakuna bakteria atakayekufa kiholela. Maneno hayo niliyaandika mimi, Ergash Qodirov, Katibu Mwandamizi, na yalibandikwa getini kabla rangi ya geti haijakauka.

Chanzo ni mashine mpya ya maabara. Ina macho makali kupita kiasi: bakteria aliye hai inamwona, aliyekufa inamwona, na wote wawili inawaandika "yupo". Mtaalamu wetu, Mavjuda, alitueleza kwamba mgonjwa akishameza dawa, mabaki ya bakteria huweza kubaki mwilini hata wiki tatu. Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Ruzmatov, alilitafakari jambo hilo kwa muda wa bakuli mbili za chai, kisha akatoa Waraka Namba 14: bakteria yeyote atakayeonekana kwenye mashine atahesabiwa yu hai, mpaka mwenye mwili alete cheti cha kifo chake.

Mimi nikatunga Fomu Namba Tisa ya kuombea cheti. Ni fomu nzuri, nasema bila majivuno. Inataka jina la marehemu, makazi yake ya mwisho, na barua ya kamati ya mtaa. Kwetu mtu haoi wala hazikwi bila barua ya kamati ya mtaa, sasa bakteria ni nani? Kipengele cha sita ndicho ninachokipenda zaidi: majina ya watu wote ambao marehemu alitokea kwao au huenda alihamia kwao.

Mteja wa kwanza alikuwa Bahrom, mwoka mikate, mgane wa miaka arobaini na mitatu. Alikuwa amuoe Sharofat, fundi cherehani, siku ya Jumamosi, na bila karatasi safi ya afya ofisi ya ndoa haiandikishi mtu. Mwanzoni mwa mwezi alikutwa na klamidia, aliyorudi nayo kutoka ugenini alikokwenda kujenga maghorofa. Hakuficha. Alimweleza Sharofat kwa mdomo wake, akameza dawa, akazimaliza. Alhamisi akapimwa tena, mashine ikasema yupo.

"Wamekufa, Mheshimiwa," Mavjuda alimwambia Mkurugenzi. "Nimeweka rangi kwenye sampuli. Inawaingia wafu tu, maana ngozi zao zimetoboka, kisha inawaziba mashine isiwasome. Walio hai haiwaingii. Nimepima upya, hakuna hata mmoja."

"Rangi gani?"

"Nyekundu."

"Haimo kwenye waraka."

Bahrom akaenda kamati ya mtaa, akarudi uso umemshuka.

"Bosi, wameniuliza marehemu alikuwa akiishi wapi. Nikasema kwangu. Wakaniuliza mbona sikumwandikisha mpangaji!"

"Wana haki," nikamwambia.

Sharofat, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akanijia juu.

"Haki gani, kaka Ergash? Mkate wa uchumba tumeshaumega, karoti za pilau ya harusi zinakatwa kesho, na kaka yangu kaapa Jumamosi ikipita bila ndoa, basi tena. Nina miaka thelathini na minane. Mwanaume wa kuniambia ukweli kama huyu nitampata wapi? Kwenye fomu yako?"

Maneno yale yaliniuma, nakiri. Lakini utaratibu ni utaratibu.

Ijumaa tukaizindua mashine rasmi. Televisheni ya mkoa ilikuja, utepe ukakatwa, na Mama Gulchehra, mke wa Mkurugenzi, akaketi mstari wa mbele. Mavjuda akapendekeza kwa adabu kwamba kiongozi atangulie kupimwa ili wananchi wapate moyo. Mkurugenzi alikubali haraka kuliko nilivyomzoea. Akaingia chooni huku akipigiwa makofi, akatoka na kikombe juu ya sinia. Kwa dakika tisini tulihutubiana na kula sambusa, mpaka mashine ikatoa karatasi.

"Klamidia," Mavjuda akasoma kwenye kipaza sauti. "Yupo."

"Wamekufa hao!" Mkurugenzi akapiga kelele. "Nimemeza dawa siku saba nzima! Daktari kaniapia wamekufa wote!"

Kutoka nyuma ya ukumbi, alikosimama na Sharofat, Bahrom akasema kwa sauti ya huzuni, "Makiwa, Mheshimiwa."

Watu wakaangua kicheko. Mpiga picha wa televisheni akasogea karibu zaidi.

"Weka rangi!" Mkurugenzi akamwamuru Mavjuda.

"Haimo kwenye waraka, Mheshimiwa."

Mkurugenzi akaninyang'anya kalamu. Papo hapo, juu ya goti lake, akaandika Waraka Namba 15: rangi inatambuliwa, majibu yake yanatosha, vyeti vya kifo vimefutwa. Nikagonga mhuri. Mavjuda alikuwa na majibu ya rangi ya Bahrom mfukoni tangu jana, akampa karatasi yake safi. Sharofat akaibusu, kisha akatoka mbio na mchumba wake kwenda kuwahi ofisi ya ndoa. Nilifurahi, ingawa nilikuwa kazini.

Ikaja zamu ya Mkurugenzi. Rangi ikawekwa, tukangoja tena, sambusa zikaisha. Mavjuda akasoma: hakuna aliye hai.

"Unaona, mama watoto?" Mkurugenzi akasema, jasho likimtoka. "Si nimesema wamekufa?"

"Kufa wamekufa," akajibu Mama Gulchehra. "Nataka kujua walizaliwa wapi."

Kwanza akaomba apimwe yeye. Mashine haikuona kitu, hai wala mfu. Ndipo akanigeukia kwa upole na kuuliza kama nimebakiwa na nakala ya ile Fomu Namba Tisa. Nilikuwa nazo mia tano. Akachukua moja, akamshika mumewe mkono, wakaenda nyumbani.

Jumamosi alfajiri nilikuwa kwenye pilau ya harusi ya Bahrom, maana kwetu huliwa kabla jua halijachomoza, na mikate aliioka bwana harusi mwenyewe. Nilikuwa nimemega kipande cha pili, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Mkurugenzi, wa kiofisi kabisa: aliomba apelekewe nyumbani karatasi ya ziada, kipengele cha sita kimejaa.