Bakuli la Bi Verlene Juu ya Trei

Idara ya Kumbukumbu za Nidhamu Jeshini ina furaha isiyo kifani kuutangazia umma kwamba, katika miaka yake arobaini ya utumishi uliotukuka, imesahau kutuma kadi moja tu. Moja! Nani kati yenu hajawahi kusahau kitu?

Kadi yenyewe ilikuwa na alama za vidole vya askari aliyehukumiwa kwa kumpiga mkewe. Ilitakiwa iende kwenye orodha ya taifa ya watu wasioruhusiwa kuuziwa bunduki. Haikwenda. Jamaa akaingia dukani, muuzaji akatazama orodha, hakumwona, akamuuzia. Jumapili moja akaingia nayo kanisani hapa Tolliver, Texas, watu wakiwa kwenye wimbo wa pili. Tisa hawakutoka.

Mimi, Thurman Oxley, Naibu Mkurugenzi wa Fidia, nililetwa Tolliver kuwafariji walionusurika kwa Fomu Namba 88. Ina kurasa thelathini na moja. Mwombaji anathibitisha kwamba alikuwepo, na kwamba risasi iliyompata ni ya tukio husika, si ya tukio jingine. Kisha anabonyeza alama za vidole kila ukurasa. Alama za vidole tunazithamini sana.

Wa kwanza kuja alikuwa Bi Verlene Stuckey, mkuu wa jiko la kanisa, mwenye risasi kwenye nyonga. Mkono mmoja fimbo, mwingine bakuli la pai ya mapichi.

"Umekula, mwanangu?"

"Bi Verlene, kanuni haziruhusu..."

"Sijakuuliza kanuni zimekula nini. Kaa."

Nilikula, kwa ajili ya kudumisha mahusiano mema. Nilidumisha mara tatu.

"Unaona hapa?" Akalinyanyua bakuli. Chini palikuwa na kipande cha selotepu chenye jina lake. "Wiki ya mazishi watu walituletea chakula. Mabakuli mia mbili na kumi na manne. Kila moja lina jina chini. Mimi nikiwa hospitali na risasi yangu, nilipiga simu kila jioni: la nani limerudi, la nani bado? Yote yalirudi, bwana, na waliokuwa wakiyaosha walikuwa wanalia. Nyinyi kadi moja imewashinda!"

"Mazingira ya kiutendaji yanatofautiana, mama."

"Yanatofautiana nini? Mimi nina selotepu tu."

Nilimweleza kuhusu viwango vya fidia. Akanikatiza.

"Pesa mtatoa mkitaka. Mimi nataka muandike: tulijua, hatukutuma, watu tisa wakafa. Hollis wangu ni mmoja wao. Miaka arobaini na sita tumeishi pamoja. Nataka nikamsomee kaburini, nimwambie kwamba wamesema."

Maneno hayo aliyaandika kwenye madai yake, akayapeleka kwa jaji. Sasa, kanuni yetu inasema hivi: upande usiojibu ndani ya siku sitini umekubali kila neno la upande wa pili. Kanuni hiyo tuliitunga wenyewe, kuwakomesha waombaji wazembe. Mwombaji mmoja, Bwana Arliss Boone, alichelewa siku moja, eti alikuwa hana fahamu. Tulimpa pole, tukafunga faili.

Mkurugenzi alinipigia simu. "Oxley! Kana kila kitu."

Nikakana. Kadi haikuwepo; kama ilikuwepo, ilitumwa; kama haikutumwa, ni hali ya hewa. Nikatia barua kwenye bahasha, bahasha nikaiweka kwenye Trei ya Vinavyosubiri Kutumwa. Feni ilikuwa inapuliza, na mimi ni mtu makini, nikalitua bakuli la pai juu yake lisipeperuke jambo la serikali. Bakuli sikuwa nimeliosha.

Siku ya sitini na moja Mkurugenzi alipiga tena, sauti imempasuka. "Jaji anasema tumekubali! Neno kwa neno! Barua iko wapi?"

"Niliiweka kwenye trei, mheshimiwa."

"Na nani huvitoa vitu kwenye trei?"

"Swali zuri sana, mheshimiwa. Tangu ile kadi, kamati bado inalijadili."

Siku mbili baadaye simu ikawa ya Bi Verlene. "Oxley, bakuli langu."

Nilimpelekea pale jikoni kanisani. Akaligeuza kutazama jina lake, kama kawaida yake. Chini, juu ya selotepu, ilikuwa imeganda bahasha ya serikali, imeshikwa barabara na sharubati ya mapichi.

Akaibandua. Akasoma taratibu.

"Kumbe mlikana yote," akasema, machozi yakimlengalenga. Kisha akauliza, "Leo siku ya ngapi?"

"Ya sitini na tatu, mama."

Ndipo akacheka, akacheka mpaka akaishika nyonga yake. "Shika barua yako. Jikoni kwangu cha mtu hakipotei."

Akatoa mkobani hukumu ya jaji. Ilikuwa na mstari mmoja tu, ule aliouandika Bi Verlene, na chini yake nafasi ya alama za vidole vya ofisa mhusika, kumi vyote, kwa mujibu wa kanuni zetu.

Bi Verlene akanishika mikono, akavibonyeza vidole kimoja kimoja, kwa upole wa kunitia aibu. Halafu akakata kipande cha selotepu, akaandika jina langu, akakibandika nyuma ya karatasi.

"Naenda kumsomea Hollis," akasema. "Nikitoka huko naipeleka posta mwenyewe."